Ngulia, Kilima cha Ndege Wasafirio Usiku

Msafiri atokaye Nairobi kwenda Mombasa kwa barabara kuu, akifika Mtito Andei amekwisha kumaliza karibu nusu ya safari yake. Watu wengi hushuka hapo kunywa chai na kunyosha miguu, kisha hupanda gari tena na kwenda zao. Wachache tu hugeuza uso kuelekea kusini, ambako ng'ambo ya lango la mbuga ya Tsavo Magharibi husimama Milima ya Ngulia. Walakini kila mwaka, katika miezi ya Novemba na Desemba, hapo Ngulia hupita wasafiri wengi zaidi ya wale wa barabarani, nao hawana gari wala mzigo. Hao ni ndege, na safari yao huifanya usiku.

Sisi watu wa Afrika ya Mashariki miezi hiyo twaiita vuli, maana ndiyo majira ya mvua fupi. Huko Ulaya na kaskazini ya Asia, wakati huo huo, majani ya miti hupukutika, wadudu hufa kwa baridi, na mchana huwa mfupi. Ndege walao wadudu hawawezi kukaa huko, basi hufunga safari kuja upande wa jua. Kwa hiyo vuli yetu na baridi yao ni kama mlango mmoja wenye pande mbili: kule wanafunga, huku tunafungua.

MAHALI PENYEWE

Mbuga ya Tsavo ilitengwa na Serikali mwaka 1948, kisha ikagawanywa sehemu mbili, Mashariki na Magharibi, njia ya gari moshi na barabara kuu zikipita katikati. Nchi yake ni ya udongo mwekundu, na tembo wa huko, kwa kuwa hujipaka udongo huo, huonekana wekundu kama matofali. Kaskazini yake ni nchi ya Wakamba, na kusini ni milima ya Wataita. Katika sehemu ya Magharibi kuna mambo mengi ya kutazama: chemchemi za Mzima, ambazo maji yake hupelekwa kwa bomba mpaka Mombasa, mawe meusi yaliyotoka katika moto wa ardhi, ambayo watu huyaita Shetani, na hifadhi ya vifaru iliyoanzishwa chini ya Ngulia katika miaka ya 1980.

Mwaka 1969 ilifunguliwa hoteli ya wageni juu ya ukingo wa genge, penye kuangalia nyika iliyo chini. Mbele ya hoteli hiyo zikawekwa taa kubwa ili wageni wapate kuona wanyama wajao usiku kunywa maji. Aliyeziweka taa hizo alifikiri habari za tembo, nyati na chui. Habari za ndege hakuzifikiri hata kidogo.

USIKU MWEUPE

Mtu afikaye Ngulia katikati ya Novemba, siku isiyo na mawingu wala mwezi, hupata kwanza furaha ya mbingu. Jua hutua kitambo kidogo baada ya saa kumi na mbili na robo, na giza huingia upesi kama ilivyo desturi ya nchi zilizo karibu na ikweta. Ikifika saa moja ya usiku, Kilimia kimekwisha kuchomoza upande wa mashariki, kaskazini kidogo. Ni kile kishada cha nyota ndogo zilizosongamana, na mtu mwenye macho mazuri huhesabu sita au saba. Jina lake latokana na kulima, maana wakulima wa zamani walikitazama ili kujua majira. Wazee wa pwani walisema ya kuwa Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, na kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Walikuwa wakisema habari za mwezi wa Mei, wakati nyota hizo zinapozama pamoja na jua, zikafichika kwa majuma kadhaa, kisha zikaonekana tena alfajiri. Katika vuli mambo huwa kinyume: jua linapotua, Kilimia huchomoza, nacho hukaa mbinguni usiku kucha.

Yapata saa mbili unusu huja nyota tatu zilizojipanga mstari mmoja, ambazo Wazungu husema ni mshipi wa mwindaji aitwaye Orion. Saa tatu hutokea Suheli, chini sana upande wa kusini-mashariki. Hiyo ndiyo nyota ambayo mabaharia wa pwani waliifuata hata jina lake likawa jina la upande wa kusini. Nusu saa baadaye huchomoza Sirius, ambayo hung'aa kupita nyota zote za usiku, isipokuwa sayari kama Zuhura na Mshtarii. Msalaba wa Kusini hauonekani jioni katika mwezi huo; mwenye kuutaka na aamke kabla ya alfajiri.

Nyota moja haionekani Ngulia kamwe. Ni ile nyota ya kaskazini, ambayo mabaharia waliiita Jaa. Nyota hiyo husimama karibu sana na ncha ya kaskazini ya mbingu, wala haisogei kama nyingine. Lakini Ngulia iko kusini ya ikweta, na kwa hiyo Jaa imezama chini ya upeo wa nchi. Msomaji na alikumbuke jambo hilo, maana lina maana kubwa kwa ndege.

USIKU WA UKUNGU

Usiku mwingine hali hugeuka. Upepo wenye unyevu hutoka upande wa bahari, hupanda genge la Ngulia, na kwa kupanda huko hupoa ukawa ukungu mzito. Nyota zote hufichika, na taa za hoteli huonekana kama mwezi uliofungwa katika pamba. Ndipo ndege hushuka.

Katika mwaka ule ule wa 1969 watu waliona ajabu hiyo: ndege wadogo kwa mamia wakizunguka zunguka katika nuru, wengine wakitua majanini na vichakani. Wataalamu wa ndege, miongoni mwao Graeme Backhurst na David Pearson, walitambua ya kuwa hao si ndege wa mbuga. Walikuwa wageni kutoka Ulaya na Asia, waliokuwa wakipita juu gizani bila kuonekana na mtu yeyote. Kwa hakika walikuwa wamepita hivyo miaka elfu na elfu, wala hakuna aliyejua, mpaka ukungu na taa vilipokutana mahali pamoja.

Tangu mwaka huo kazi ikaanza, nayo ikaendelea kwa miaka mingi, kila Novemba na Desemba, katika majuma yasiyo na mwezi. Nyavu nyembamba hutandazwa. Ndege akinaswa hutolewa kwa upole, hupimwa uzito na urefu wa bawa, huvishwa mguuni pete nyepesi ya madini yenye namba, kisha huachiliwa aende zake. Asubuhi moja ya ukungu huweza kuleta ndege zaidi ya elfu moja. Mwezi ukiwa mkubwa kazi huwa bure, maana ndege huona njia yao wala hawashawishwi na taa.

Pete hizo zimetoa habari nyingi. Ndege waliovishwa pete Ngulia wamepatikana baadaye katika nchi ya Urusi, katika Kazakhstan, na katika nchi za Waarabu. Kwa namba iliyoandikwa juu ya kipande kidogo cha madini, mtu wa mbali ameweza kujua ya kuwa ndege aliyemwona kwake alilala usiku mmoja katika nyika ya Tsavo.

WAGENI WENYEWE

Hapana mtu atakayewasifu wageni hao kwa mavazi. Wengi wao ni wadogo, wa rangi ya kahawia au kijivu, na katika kichaka huonekana kama jani kavu. Wamo jamaa wa yule mwimbaji wa usiku ambaye washairi wa Ulaya wamemsifu tangu kale. Yumo pia mwimbaji mdogo wa mabwawani, ambaye uzito wake ni kama gramu 12 tu, nao hupita Ngulia kwa wingi sana wakienda Zambia, Botswana na Afrika ya Kusini.

Habari za ndege huyo zastahili kuelezwa. Katika mwaka 1979 mtaalamu Françoise Dowsett-Lemaire alitoa maandishi juu ya nyimbo zake, alizozisikiliza katika nchi ya Ubelgiji. Aligundua ya kuwa dume wa ndege huyo hana wimbo wake hasa, bali huiga sauti za ndege wengine, na kila mmoja huiga kwa wastani aina 76. Tena zaidi ya nusu ya sauti hizo hazikuwa za ndege wa Ulaya, bali za ndege wa Afrika. Basi mkulima wa Ubelgiji, akisimama kando ya mto wake mwezi wa Juni, husikia bila kujua sauti za ndege wa vichaka vya kwetu. Ndege huyo huja Afrika kijana, husikiliza, hujifunza, na kurudi kwao na elimu.

Yuko na mwingine, ndege wa mawe na nchi wazi, mwenye mgongo wa kijivu na kiuno cheupe, uzito wake kama gramu 25. Mwaka 2012 wataalamu walitangaza safari za baadhi yao waliofungwa vyombo vidogo vya kupimia njia. Ndege hao walitoka Alaska, kaskazini kabisa ya Amerika, wakapita Asia yote, wakaja kukaa Afrika ya Mashariki; safari ya kilometa zipatazo 14,500 kwa kuja tu. Mkulima wa Kajiado au Laikipia humwona akirukaruka juu ya jiwe, akamdhani ni wa jirani.

NJIA YAO GIZANI

Watu huuliza, viumbe wadogo namna hii huijuaje njia? Katika miaka ya 1950, mtaalamu Mjerumani aitwaye Franz Sauer aliwaweka ndege wasafirio usiku ndani ya jumba lenye dari la nyota za bandia. Aliona ya kuwa hugeuka kwa kufuata nyota hizo. Baadaye Stephen Emlen wa Marekani alionyesha ya kuwa kinda hutazama mbingu zikizunguka, akatambua mahali pasipozunguka, yaani upande wa Jaa, na mahali hapo pakawa dira yake ya maisha. Tena wataalamu wengine wameonyesha ya kuwa ndege huhisi nguvu ya sumaku ya dunia.

Basi ndege afikaye Ngulia ameiacha nyuma ile nyota iliyomfundisha. Imekwisha kuzama chini ya ardhi. Bado anazo nyota nyingine, na sumaku, na upepo. Lakini ukungu ukimfunika, na chini yake kukawa na nuru kali, huchanganyikiwa kama mtu aliyeamshwa ghafula usingizini. Huizunguka nuru ile mpaka achoke. Hapo Ngulia wapo watu waliomngojea kwa upole. Katika miji mikubwa ya dunia, penye majumba marefu yenye madirisha ya kioo na taa zinazowaka usiku kucha, hagongi wavu bali kioo, naye hufa. Taa iliyoachwa kuwaka bila kazi hula fedha za mwenyewe na maisha ya ndege kwa pamoja.

FAIDA KWA MKULIMA

Huenda mkulima wa Makueni au Kitui akasema: haya yote ni mazuri, lakini mimi nina shamba. Na amjibiwe kwa habari za shamba.

Katika Ukambani mvua za vuli ndizo zitegemewazo kuliko zile za masika. Mahindi, mtama, kunde, mbaazi na ndengu hupandwa kwa kuzitumainia. Mvua hizo zikinyesha, wadudu nao huamka. Kumbikumbi hutoka ardhini kwa maelfu. Viwavi huota mizizi, kama isemwavyo, katika majani machanga. Na wakati huo huo ndipo wageni wanapofika, na chakula chao ni wadudu hao. Mbayuwayu huwala wakiruka. Tai wa nyika za Asia, aliye mkubwa vile, hutua chini akadonoa kumbikumbi kama kuku. Korongo weupe wa Ulaya hutembea shambani kwa hatua ndefu wakila nzige na viwavijeshi. Watu waliopatwa na nzige mwishoni mwa mwaka 2019 na katika mwaka 2020 wajua thamani ya kila mdomo ulao nzige.

Lakini mgeni astahiliye kutazamwa kuliko wote ni kozi mdogo wa Amur, ambaye dume lake ni la kijivu na miguu myekundu. Hutoka kaskazini ya China na mashariki ya Siberia, hupumzika katika milima ya Nagaland, mashariki ya India, kisha huvuka Bahari ya Hindi bila kutua, zaidi ya kilometa 3,000 za maji matupu. Hufika kwetu Novemba na Desemba pamoja na mawingu ya mvua, wakati kumbikumbi wanaporuka, naye hushiba kabla ya kuendelea kusini.

Kozi hao walikuwa karibu kupatwa na msiba. Mwaka 2012 ilijulikana ya kuwa huko Nagaland, karibu na ziwa la Doyang, walikuwa wakinaswa kwa nyavu makumi ya maelfu ili kuuzwa kwa kitoweo. Wenyeji hawakuwa watu wabaya; walikuwa maskini, na nyama ilijileta yenyewe. Lakini walipoelezwa safari ya ndege wale, wazee wa vijiji, Pangti kikiwamo, wakakubaliana kuacha, na mwaka 2013 uwindaji huo ukakoma huko. Hapana askari aliyeweza kulinda msitu mzima. Neno la wanakijiji wenyewe ndilo lililofanya kazi. Mkulima wa Kenya aonaye kozi juu ya shamba lake anapokea zawadi iliyoachwa ipite na mkulima mwenzake asiyemjua.

Basi na sisi tuna zamu yetu. Ni kweli ya kuwa si kila ndege ni rafiki. Kwelea kwelea ni adui mkubwa wa mtama na mpunga, na mwenye shamba ana haki ya kulilinda. Lakini yuko mtu atiaye sumu ya wadudu katika nafaka au nyama na kuimwaga nje, akitaka kuua ndege walao mavuno, au kupata ndege wa kuuza. Sumu haichagui. Humwua korongo alaye viwavi, humwua tai, humwua mbwa wa jirani, na mtu alaye ndege huyo hula sumu ile ile. Kulinda shamba kwa watoto wenye makelele, kwa vitisho, na kwa kuvuna upesi ni kazi ngumu zaidi, lakini asubuhi yake haina mizoga.

KUTAZAMA KUTOKA NYUMBANI

Si lazima mtu aende Ngulia ili aone. Kenya ina aina za ndege zaidi ya 1,000, na mbingu ni ya wote. Karani wa mjini aweza kuanza Jumapili asubuhi, mapema, kabla ya saa tatu, penye miti na maji. Darubini ikipatikana ni vizuri, lakini macho na subira hutangulia. Na aandike katika daftari tarehe, mahali, ukubwa wa ndege, rangi, mdomo, na kile alichokuwa akila. Baada ya miaka michache daftari hilo litamwambia ni siku gani mbayuwayu hufika, na kama wanapungua. Nairobi, tangu miaka ya 1970, watu walizoea kukutana penye Makumbusho Jumatano asubuhi ili kutembea na kutazama ndege pamoja, mwenye kujua akimfundisha asiyejua.

Kwa nyota, na achague usiku usio na mwezi, azime taa, akae nje nusu saa mpaka macho yazoee giza. Akihitaji tochi, aifunike kwa kitambaa chekundu. Watoto waonyeshwe Kilimia na Suheli, na wazee waulizwe majina ya nyota kwa lugha ya nyumbani, kabla wenye kuyajua hawajaondoka. Lakini asiache kusikiliza habari za mvua zitolewazo na idara ya hali ya hewa, maana nyota huonyesha majira, hazionyeshi mwaka gani mvua itakosa.

Tena liko jambo moja ambalo kila msomaji aweza kulifanya. Akiokota ndege aliyekufa, au akimkuta hai amechoka uani, na atazame mguu wake. Akiona pete, aisome polepole na kuandika herufi na namba zote, tarehe, na mahali, pamoja na jinsi alivyompata. Ndege akiwa hai, asiivue pete, amwachilie. Habari hizo na azipeleke Makumbusho ya Taifa, Nairobi. Huenda pete hiyo ilivishwa Ngulia usiku wa ukungu, au Urusi, au mahali ambapo hatafika maishani mwake. Yule aliyeivisha atapata jibu la swali aliloliuliza miaka mingi iliyopita, na aliyelijibu atakuwa mkulima mmoja wa Kibwezi, aliyechukua taabu ya kuinama na kusoma.